Kaunta ya Murara: mawese, babula na hesabu ya mwenye nyumba

Kartoni moja ya karo za sentimita 60 kwa 60 kwa kawaida huwa na vipande vinne, yaani mita za mraba 1.44. Kaunta ya jiko yenye kina cha sentimita 60 na urefu wa mita 2.40 ina eneo hilohilo, halizidi wala halipungui. Kwa mwenye nyumba wa Murara anayejenga kidogokidogo, hesabu hiyo ina uzito kuliko picha zote za majiko ya Dubai anazotumiwa kwa WhatsApp. Anaweza kununua uso mzima wa kaunta yake siku moja, kwa fedha taslimu, katika kenkayeri moja (duka la vifaa vya ujenzi) mtaani Birere, na mzigo ukafika nyumbani kwa pikipiki. Bamba la granite la ukubwa huo, lenye unene wa sentimita 2, lina karibu kilo 78. Hilo linataka gari, wanaume wanne na maombi.

Murara iko katika komine ya Karisimbi, upande wa Goma wenye msongamano, mbali na ufuko wa Ziwa Kivu ambako nyumba za wageni zilijengwa. Mitaa ya kule, Himbi na Les Volcans, ilifundishwa kupangisha na mashirika: mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka mpaka kwa mamia ya maelfu na wafadhili wakaja nyuma yao, kisha kuanzia 1999, ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulipoanzishwa. Kodi ikatajwa kwa dola, jenereta ikafungwa uani, jiko likavishwa granite. Mtindo huo ukaingia polepole hadi mitaa ya ndani, ila mpangaji wake hakuja nao. Anayekodi Murara ni muuguzi, mwalimu, mama mwenye meza soko la Virunga, kijana anayebadilisha fedha na kuuza uniti kando ya barabara.

Tangu mwisho wa Januari 2025, mji ulipotwaliwa na waasi wa AFC/M23, benki zikafunga milango na uwanja wa ndege ukafungwa, hata mpangaji wa Himbi amekuwa adimu, maana msaada wa Marekani nao ulikatwa miezi hiyohiyo na mashirika yakapunguza watu. Jambo hili linagusa kaunta kuliko linavyoonekana. Pasipo benki hakuna mkopo wa ukarabati. Mwenye nyumba anakarabati kwa kodi ya mwezi uliopita, na ndiyo maana vifaa vinavyouzwa kwa kartoni, kwa mfuko na kwa kipande vinashinda vile vinavyouzwa kwa bamba zima. Ubora wa jiwe unakuja baadaye katika hesabu hiyo.

Kabla ya kuchagua jiwe, inafaa kutazama linalofanyika juu yake. Kaunta yenyewe ni mgeni kidogo katika majiko yetu. Mapishi ya Goma yalizoea kigoda na babula, yaani jiko la makala (makaa), nje au katika kikoni, sufuria karibu na ardhi, kinu cha sombe uani. Meza ndefu ya kusimama imeletwa na chupa ya gesi na waya wa umeme. Virunga Energies, inayozalisha umeme kwa mito inayoshuka kutoka Hifadhi ya Virunga, ilizindua kituo cha Matebe kule Rutshuru Desemba 2015, na mitaa kadhaa ya mji ikaonja jiko la koili. Lakini makala hayakuondoka. Umeme ukikatika au gesi ikiisha mwezi haujaisha, babula inarudi. Mvua ya jioni ikinyesha, babula inaingia ndani. Na ikiingia ndani, mahali palipo tayari, papana na pa urefu wa kiuno, ni kaunta.

Hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Makala yanayowaka vizuri yana joto la zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi. Kitako cha babula hakifiki huko, ila kinatosha kuua vifaa vingi vya kisasa. Kwatzi ya kiwandani, ile inayoitwa jiwe ingawa ni chengachenga zilizogandishwa kwa utomvu wa plastiki, huanza kuharibika kwenye nyuzi 150 hivi. Granite halisi inavumilia joto, lakini ikipashwa sehemu moja huku sehemu nyingine ni ya baridi inaweza kupasuka, hasa penye shimo la sinki ambapo imebaki nyembamba. Mbao iliyobandikwa plastiki hata tusiijadili. Mwenye nyumba anayeandika kwenye mkataba kuwa ni marufuku kuweka babula juu ya kaunta anajidanganya. Mpangaji atatia sahihi na mvua itanyesha.

Dawa ni kumpa babula makao yake. Acha sentimita 60 za mwisho za kaunta ziwe chini, kimo cha goti au kupita kidogo, zijengwe kwa mawe meusi ya volkeno ambayo hapa tunayakwepa barabarani, na juu yake pawe na tundu la kutolea moshi. Basalti ilikwisha kupita katika moto mkali kuliko wowote tutakaouwasha sisi. Sehemu hiyo haihitaji karo. Simenti laini inatosha, na ikichakaa inapakwa upya kwa nusu siku. Jiko lenye vimo viwili halipendezi kwenye picha, lakini mpishi hatakiinulia mabega chungu cha fufu. Ugali mzito hausongwi kwenye urefu wa sentimita 90.

Adui wa pili ni bidoni. Maji ya REGIDESO, shirika la maji la taifa, yana siku zake, kwa hiyo kila nyumba ina bidoni za njano za lita 20, na kila bidoni ni kilo 20 zinazotua kwenye ukingo wa kaunta asubuhi na jioni. Kaunta haivunjiki katikati. Inavunjika kwenye ukingo wa mbele, pale karo mbili zinapokutana kwa pembe na fundi ameziba kwa simenti nyeupe tu. Ukitaka kujua kaunta ina umri gani, usiangalie uso wake, pitisha kidole kwenye ukingo huo.

Halafu kuna mawese. Sijaona gazeti la ujenzi linalopima jiwe kwa mawese, na kwetu ndicho kipimo cha kwanza. Mafuta hayo mekundu, moto, yakirukaruka kutoka kwenye kikaango cha sambaza, yanaingia kwenye kila kitundu. Marumaru yanayanywa. Simenti nyeupe ya jointi inayanywa haraka zaidi, na baada ya miezi kadhaa mistari kati ya karo inakuwa na rangi ya machungwa ambayo sabuni haitoi. Marumaru yana udhaifu mwingine: ni chokaa, hivyo ndimu na nyanya zinayala, na palipoliwa panabaki alama isiyo na mng'ao. Kwa nyumba ya mtu mwenyewe anayeyapenda, sawa. Kwa nyumba ya kupangisha, marumaru ni kesi inayosubiri siku ya kurudisha ufunguo.

Mchanga nao usisahaulike. Vumbi la Goma ni lava iliyosagwa, gumu kuliko kisu cha chuma, na linaingia na viatu, na upepo, na mboga za lenga-lenga zilizotandazwa sokoni. Kila kitambaa kinachopangusa kaunta kinalikwaruzisha vumbi hilo juu ya uso. Plastiki ya mbao za kubandika inapoteza mng'ao mwaka wa kwanza. Granite na karo ngumu za poselini hazijali.

Kwa karo kuna kosa moja linalojirudia nyumba hadi nyumba, na linatokana na bei. Fayansi ya ukutani inauzwa karibu na karo ya sakafuni, ina maua, ni nyepesi, inakatwa kirahisi, na gharama yake ni ndogo. Fundi mwenye haraka anaitandika juu ya kaunta. Ila fayansi ina mwili laini unaonyonya maji zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake, na poselini inanyonya asilimia 0.5 au chini ya hapo. Tofauti hiyo imo katika kipimo cha kimataifa cha ISO 13006 na mara nyingi imeandikwa kwa herufi ndogo ubavuni mwa kartoni: BIII kwa fayansi, BIa kwa poselini. Muuzaji akikwambia zote ni karo tu, geuza kartoni usome. Kama maandishi hayapo, mwaga maji nyuma ya kipande kimoja uhesabu dakika chache. Kinachogeuka rangi na kukausha maji upesi kipeleke ukutani.

Karo nyingi zinazofika kwetu zilianza safari mbali. Za China zinapitia Mombasa au Dar es Salaam, lakini miaka kumi iliyopita imeleta viwanda karibu: Twyford ilifungua Kajiado nchini Kenya mwaka 2016 na Chalinze nchini Tanzania mwaka 2017, na Goodwill ina viwanda Mkuranga nchini Tanzania na Kapeeka nchini Uganda. Kwa granite, Rwanda ina kiwanda chake Nyagatare. Simenti inatoka Hima, karibu na Kasese nchini Uganda, au Bugarama nchini Rwanda kwa CIMERWA, na viwanda hivyo viwili vilibadili wamiliki mwanzoni mwa 2024. Kwenye ramani, basi, Goma imezungukwa na vifaa. Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Lakini bei ya mfuko wa simenti Birere inaamuliwa na kituo cha mpakani cha Grande Barrière, na barabara, na nani anatoza wapi. Barabara ya Rutshuru na ile ya Sake zimefungwa na kufunguliwa mara nyingi tangu 2022 hivi kwamba mfanyabiashara anayeagiza bidhaa ya aina moja pekee anajiweka kitanzi.

Kwa mwenye nyumba, tafsiri ya hali hiyo ni hii: chagua kitu ambacho kipande chake kitapatikana tena. Karo nyeupe au ya kijivu isiyo na maua, ya ukubwa wa kawaida, utaipata mwaka kesho hata ikitoka kiwanda kingine. Karo yenye mishipa ya dhahabu haitarudi. Nunua na vipande vitatu au vinne vya akiba, uvifunge, uvitunze kwako, usiviache kwenye nyumba ya mpangaji kwa sababu vitageuka kuwa meza ya televisheni. Granite ina tatizo lilelile kwa kiwango kikubwa zaidi, kwani bamba likipasuka huchukui kiraka, unachukua bamba lingine.

Mitetemeko inaongeza uzito wa hoja hiyo. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, lava ilisimama pembeni ya mji, lakini ardhi ilitikisika siku nyingi mfululizo na kuta zikapasuka katika mitaa ambayo haikuguswa na moto. Tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi, Constant Ndima, aliamuru mitaa kumi ihamwe, Murara ikiwemo. Waliporudi, wenye nyumba wengi walikuta nyufa. Bamba refu gumu lililokazwa kwenye kuta mbili halina pa kupumulia. Ukuta ukicheza, linakatika. Kaunta iliyotandikwa vipande vinne hupasuka kwenye jointi, na jointi ni kazi ya saa mbili. Fundi mzuri huacha milimita chache kati ya kaunta na ukuta na kuziba kwa silikoni, si kwa simenti. Silikoni inanyumbuka.

Sinki linahitaji maneno yake. Goma imejengwa juu ya lava, mpya na ya kale, na kuchimba shimo la maji machafu hapa ni kupasua jiwe kwa nyundo. Matokeo yake ni majiko ambayo sinki la inoksi linang'aa huku bomba lake linaishia kwenye ndoo kabatini. Bomba la kuingiza maji nalo mara nyingi limekauka. Mpangaji anaosha vyombo kwenye beseni juu ya kaunta, sinki anawekea vikombe, na tundu lililokatwa kwa ajili yake ndilo linalopitisha unyevu hadi kwenye zege. Kama nyumba haina mfereji wa kweli, ningeshauri sinki liachwe kabisa. Mahali pake pawe na sehemu ya kaunta iliyoinama kidogo, yenye ukingo mdogo mbele na kibomba cha kumwaga nje, ambapo beseni na bidoni vinakaa bila kumwaga maji sakafuni. Gharama inapungua, na hakuna anayedanganywa. Komisioneri, yaani dalali wa nyumba, atalalamika, kwa vile sinki huonekana vizuri anapoonyesha nyumba.

Upande wa mbao, Kivu ya Kaskazini na Ituri zina miti ambayo Ulaya inailipia ghali, libuyu na muvula zikiwa mbele. Kaunta ya muvula iliyopakwa mafuta ni nzuri mno, na maji yanayotulia juu yake kila siku yataifanya nyeusi kuzunguka kila bidoni. Mbao ina kazi nyingine hapa. Nyumba nyingi za Murara ni za mbao, nazo zilizidi baada ya lava ya tarehe 17 Januari 2002 kukata mji katikati, kwa kuwa ni nyepesi na zinasimama haraka. Ukuta wa mbao haubebi zege. Katika nyumba kama hizo kaunta inayodumu ni meza: fremu ya mikaratusi, juu yake ubao wa muvula, na juu ya ubao bati la inoksi lililokunjwa kingo na mchomelea vyuma wa mtaani. Bati la kawaida la zinki linapendeza kwa bei, ila mvua yetu, inayopita kwenye moshi wa volkeno, ina tindikali, na kila mwenye paa la zinki Goma anajua linavyokwisha. Meza ya inoksi mwenye nyumba anaweza kuihamisha, kuiuza, hata kuiondoa usiku mmoja kama ilivyotakiwa Mei 2021.

Kwa nyumba za kudumu, mpangilio ninaoona unalipa ni zege chini na poselini juu. Fremu ya matofali ya simenti, zege ya sentimita 7 au 8 yenye nondo za milimita 8, gundi ya karo iliyosambazwa kwenye uso wote badala ya madonge matano, ukingo wa alumini mbele, na grauti ya epoksi mahali pa grauti ya simenti. Hiyo epoksi ndiyo wengi wanaikata kwenye bajeti, kwa kuwa kilo moja yake inagharimu mara kadhaa ya ile ya kawaida. Ni uamuzi mbaya. Kaunta ya mita 2.40 yenye karo nne ina jointi tatu tu na mshono wa ukutani. Kiasi kinachohitajika ni kidogo sana, na ndicho kinachozuia mawese na maji kushuka. Karo kubwa zinafanya epoksi iwezekane. Ukitumia karo za sentimita 20, umejizidishia jointi na umejiletea doa.

Nani analipa vikiharibika? Sheria ya Kongo namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 inasema garanti ya nyumba ya kuishi isizidi kodi ya miezi 3, ingawa si siri kwamba Goma wengi huomba zaidi. Garanti kubwa inawafanya wenye nyumba wazembe: wanaweka kaunta dhaifu wakijua wataikata fedha ya mtu aliyeitumia kama kaunta. Na mpangaji anayejua hilo anamalizia miezi yake ya mwisho bila kulipa, garanti ikawa kodi, na hakuna anayebaki na fedha ya ukarabati. Chukua mfano wa kubuni: nyumba ya dola 120 kwa mwezi, na tofauti ya dola 70 kati ya kaunta ya fayansi na ile ya poselini yenye epoksi. Tofauti hiyo haifikii kodi ya wiki tatu. Nyumba ikikaa tupu mwezi mmoja tu kwa sababu jiko linanuka unyevu, dola 120 zimekwenda. Picha za simu zilizopigwa siku ya kuingia, za uso, za ukingo na za chini ya kaunta, wote wawili wakiwa na nakala, zinaepusha ugomvi ambao mkuu wa mtaa ameuchoka.

Neno kwa mafundi wanaokata granite na kwatzi kwa mashine kavu, uso wazi, vumbi jeupe hadi kwenye kope: vumbi hilo ni silika, na linaharibu mapafu bila kurudi. Australia ilipiga marufuku jiwe la kwatzi la kiwandani kuanzia tarehe 1 Julai 2024 kwa sababu ya vijana wa karakana walioumwa. Kumwagia maji wakati wa kukata hakugharimu chochote isipokuwa bidoni moja.

Limebaki suala la muda, ambalo kwa biashara ya kupangisha ni suala la fedha. Zege hufikia nguvu yake iliyokusudiwa baada ya siku 28, na wiki ya kwanza inapaswa kuwekwa unyevu. Mwenye nyumba aliyeondokewa na mpangaji tarehe 1 hataki kusikia siku 28. Siku ya nne karo zimebandikwa, siku ya sita komisioneri yuko mlangoni na mteja, na zege inaendelea kusinyaa chini ya karo zilizokwisha kukaza. Nyufa nyingi zinazolaumiwa mpangaji zilizaliwa wiki hiyo.

Hapa naona nafasi ya biashara ambayo wafyatuaji wa matofali ya simenti wangeweza kuichukua. Wana uwanja, mchanga wa volkeno, kalibu na maji. Wafyatue mabamba ya kaunta ya sentimita 60 kwa 120, unene wa sentimita 5, yenye nondo ndani, wayaloweshe uwanjani mwezi mzima wakati mpangaji wa zamani bado analala ndani ya nyumba, kisha wayauze yakiwa tayari kubandikwa karo siku ileile. Mawili yanatoa mita 2.40. Kila moja lina karibu kilo 86, na yote mawili yanapanda kwenye chukudu moja ya mbao.